Kurudi kwenye Cherehani Baada ya Kuumia Ubongo: Mwongozo wa Kushona Kwilti Nyumbani Nairobi

Mtu aliyeumia ubongo, iwe kwa ajali ya boda boda, kwa kuanguka mjengoni au kwa kiharusi, huambiwa na kila anayemtembelea apumzike. Husemwa kwa upendo, na miezi ya mwanzo huwa ni ushauri sahihi. Baadaye lakini unafika wakati mikono inataka kazi. Mwongozo huu ni wa yule aliyekuwa akishona kabla ya kuumia, na sasa anaitazama cherehani iliyofunikwa leso pembeni mwa chumba bila kujua aanzie wapi. Nauandika nikiwa mmoja wenu: niliumia kichwa, na nashona.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Ubongo ulioumia huchoshwa zaidi na kuamua kuliko kushona. Rangi ipi ikae karibu na ipi, kipande kipi kifuate, uzi wa bobini umebaki kiasi gani, pasi imezimwa au bado inawaka: maswali hayo ndiyo yanayomaliza nguvu. Kuendesha mshono ulionyooka kwenye pamba, mkono uliozoea huufanya karibu wenyewe. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa kwa nia moja, kuamua kufanyike siku moja na kushona kufanyike siku nyingine.

Kwamba mkono hukumbuka pale kichwa kinaposahau si maneno ya kufarijiana. Mwaka 1953, huko Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibu kifafa, akatoka akiwa hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ilhali yeye mwenyewe hakukumbuka kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo. Ufundi wa mkono hutunzwa mahali tofauti na kumbukumbu za matukio. Kama jeraha lako liligusa sehemu zinazoendesha misuli au mizani ya mwili, mkono utahitaji mazoezi zaidi, na nitafika huko. Lakini wengi wetu tunabaki na ufundi mwingi kuliko tunavyodhani.

Kabla ya kugusa sindano

Zungumza na daktari au mtaalamu anayekuhudumia juu ya mambo manne: kifafa, macho, joto na harufu.

Jeraha la kichwa linaweza kuleta kifafa, hata muda mrefu baada ya ajali. Kama umewahi kuanguka hivyo, anza na sindano ya mkono pekee, na pasi iwe kazi ya mtu mwingine mpaka daktari aseme vingine. Cherehani usiitumie ukiwa peke yako nyumbani. Usiruke dawa ili uwe macho zaidi kwa kazi. Kulala vibaya na kuacha dawa ni njia za haraka za kuirudisha degedege.

Macho huharibika kwa namna ambazo mwenyewe huzigundua akiwa amechelewa. Wapo wanaoona vitu viwili viwili. Wapo waliopoteza nusu ya uwanja wa kuona, kulia au kushoto, na wakadhani tatizo ni miwani. Ukiona kwamba mishono yako inapotea upande uleule kila mara, au vipande vya upande mmoja wa meza unavisahau, mweleze daktari wa macho kuwa uliumia kichwa kabla hajaanza kukupima.

Joto na harufu huenda pamoja. Mkono uliodhoofika unaweza usihisi bati la pasi hadi ngozi imeungua. Tena watu wengi hupoteza uwezo wa kunusa baada ya kugongwa kichwa, na asiyenusa hatajua kuwa kitambaa kinaungua. Jipime leo kwa kahawa au kitunguu kilichokatwa. Kama hunusi kitu, kuna kanuni moja utakayoiona kwenye sehemu ya pasi, na hiyo usiivunje.

Ukipata nafasi, omba kuonana na mtaalamu wa tiba ya shughuli, yule anayemfundisha mgonjwa kurejea kazi za kila siku. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina idara ya kazi hiyo. Nenda na kitu ulichokuwa ukishona. Ukimwonyesha namna unavyoshika mkasi atakusaidia kuliko ukimweleza kwa maneno kwamba mkono hauna nguvu.

Mahali na saa

Hapa kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa ileile mwaka mzima, na hiyo ni neema kwa fundi aliyeumia, maana ratiba haibadiliki na majira. Kwa wengi, asubuhi baada ya chai ndiyo saa ubongo umetulia. Kaa karibu na dirisha, mwanga utoke upande wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia. Taa ndefu za mirija zinazopepesa huumiza wengi wetu kichwa. Siku ya mawingu, balbu ya kawaida yenye mwanga usioyumba inatosha.

Kelele ni adui mkubwa, na Nairobi haina huruma upande huo. Kama unaishi Pipeline, Umoja au Kayole, unajua saa ambazo ploti hunyamaza: watoto wakishaenda shule, kabla ya wauza mboga na muziki wa jioni. Shona saa hizo. Zima redio, hata ile unayoipenda. Vizibo vya masikio vya sponji husaidia, ila usivivae cherehani ikiwa inaenda, maana unahitaji kusikia sindano ikigonga chuma.

Aliye na chumba kimoja hana meza ya kuachia kazi. Tumia beseni moja pana na bahasha kubwa za kaki. Kazi yote hukaa ndani ya beseni, kila mraba wa kwilti (tandiko la vipande vya kitambaa vilivyoungwa) ndani ya bahasha yake, na beseni huingia chini ya kitanda. Kila kitu kiwe na makao: mkasi upande wa kulia daima, pini kwenye kimto chake, uzi kwenye kopo. Kutafuta mkasi kwa dakika kumi kunaweza kukumalizia nguvu ya asubuhi nzima.

Kama huoni vyema upande mmoja, bandika utepe mwekundu kwenye ukingo wa meza wa upande huo. Kabla ya kila mshono geuza kichwa mpaka uuone utepe, kisha ndipo uanze. Wataalamu hutumia mbinu hiyo kuwafunza wagonjwa kusoma, na inafaa vilevile kwa kitambaa.

Wiki za mwanzo: sindano ya mkono tu

Najua utataka kuifungua cherehani siku ya kwanza. Ngoja. Sindano ya mkono inaenda kwa mwendo wako, haina kelele, na ukisimama katikati hakuna kinachoharibika.

Nunua sindano zenye tundu kubwa, au zile zenye mwanya juu ambazo uzi husukumwa kutoka kichwani bila kulenga. Kipitisha uzi, kile chenye waya mwembamba, ni cha bei ndogo sana kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Vaa subana. Mtu wa nyumbani akuwekee uzi kwenye sindano kadhaa asubuhi na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, ili ukimaliza uzi uchukue sindano nyingine badala ya kupigana na tundu.

Zoezi la kwanza ni kitambaa cha pamba cha rangi moja, chenye ukubwa wa kurasa mbili za daftari. Chora mistari kwa chaki na rula, nafasi ya vidole viwili kati ya mstari na mstari. Pitisha uzi juu ya mistari kwa mishono ya kawaida. Usipime ulingano wa mishono kwa sasa. Angalia mambo mawili tu: ulifika mwisho wa mstari, na ulijua kusimama.

Kusimama ni ufundi wa kujifunza. Weka kipima muda cha simu dakika 10 hadi 15, na kikilia weka sindano chini hata kama umebakiza mishono mitatu. Uchovu wa ubongo si kama uchovu wa mwili. Huja umechelewa, mara nyingine kesho yake, na ukishafika haufukuzwi kwa kikombe cha chai. Jifunze dalili zako. Kwangu ni kusoma kadi ileile ya maelekezo tena na tena na kuwajibu watu kwa ukali. Kwa mwingine ni macho kuona ukungu, maneno kugoma, au kukosa tundu la sindano. Dalili ikitokea kabla ya kipima muda, dalili ndiyo inayotawala. Siku uliyojisikia vizuri sana ndiyo ya kuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa siku hiyo ndiyo tunayozidisha, kisha tunalala siku mbili.

Ongeza muda pale tu ulipomaliza wiki nzima bila kulipa kesho yake. Na ikiwa umivu la kichwa ni jipya na kali, au unatapika, au upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, hiyo si habari ya ushonaji. Nenda hospitali.

Cherehani ipi

Cherehani ya mkono, ile nyeusi ya gurudumu la pembeni, huenda polepole na haihitaji stima. Shida yake ni kwamba mkono wa kulia huzungusha na wa kushoto peke yake ndio unaoongoza kitambaa. Mwenye udhaifu wa mkono mmoja hataiweza kirahisi. Ya miguu huacha mikono yote miwili huru, na stima ikipotea kazi inaendelea, lakini inadai miguu iende kwa mdundo mmoja. Ukijaribu na ukaona gurudumu linarudi nyuma kila mara, usijilaumu. Uratibu huo ni miongoni mwa mambo yanayochelewa kurudi.

Ya umeme ya nyumbani, hasa yenye kitufe cha kudhibiti mwendo, ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Pedali iweke chini ya mguu wenye nafuu, hata kama ni wa kushoto. Kama haina kitufe cha mwendo, kata kipande cha sponji ngumu ukiweke chini ya pedali kwa ndani ili isishuke mpaka mwisho. Jaribu kwanza bila uzi, juu ya karatasi iliyochorwa mistari, mpaka mguu ujue mahali pa kusimamia.

Zile mashine za kiwanda ambazo mafundi wa Uhuru Market huzitumia, ziache kwa sasa. Zimeundwa kwa kasi, na kasi ndiyo tuliyoipoteza.

Kabla hujaanza, mpe fundi wa cherehani aisafishe na kuitia mafuta. Weka sindano mpya ya namba 14, ambayo hufaa kitenge na pamba ya unene wa kati. Kisha pima robo inchi, yaani milimita 6, kutoka ncha ya sindano kwenda kulia, na ubandike hapo tabaka kadhaa za selotepu ya karatasi kama ukuta mdogo. Kitambaa kikigusa ukuta huo, upana wa mshono umeshaamuliwa. Piga picha ya njia ya uzi kuanzia kwenye kidonge cha uzi hadi sindanoni, uichapishe, uibandike ukutani mbele yako.

Mradi wenyewe

Kwilti ni tandiko la tabaka tatu: uso ulioungwa kwa vipande, kitu cha joto katikati, na kitambaa cha nyuma. Naipendekeza kuliko gauni kwa sababu haina vipimo vya mwili, haina zipu wala mikono ya kupachika, na hatua zake hujirudia. Kurudia huko, ambako fundi mzima angekuona ni kuchosha, ni pumziko kwa ubongo wetu.

Tengeneza tandiko la inchi 40 na nusu kila upande, la kujifunika mapajani au la mtoto anayetembea. Mtoto mchanga asilazwe nalo. Uso wake una miraba mikubwa 9, safu tatu za mitatu. Miraba 5 ni ya vipande tisa tisa, na 4 ni ya kitambaa kizima, ikipishana kama draft. Hesabu nimekufanyia, usiirudie:

Vipande vya rangi nzito: 25, kila kimoja inchi 5 kwa 5.
Vipande vya rangi nyepesi: 20, ukubwa uleule.
Miraba mizima ya kitenge chenye maua makubwa: 4, kila mmoja inchi 14 kwa 14.

Kipande cha inchi 5 kikishashonwa pande zote hubaki inchi 4 na nusu. Vitatu vikiungana ni inchi 13 na nusu, na robo inchi ya kila ukingo inafanya 14. Ndiyo maana mraba mzima unakatwa 14. Yadi moja ya kila kitambaa, kwa upana wa kawaida wa kitenge, inatosha na kubakisha.

Nyuma tumia shuka la Kimasai au yadi moja na nusu ya kitenge. Katikati, blanketi jepesi la mtumba lisilo na matundu linafaa kabisa. Fua kila kitu mara moja kabla ya kukata, ili kitakachoruka rangi au kurudi kifanye hivyo sasa.

Siku ya kununua iwe siku ya kununua tu. Gikomba ina vitambaa vizuri na bei nzuri, lakini makelele, msukumano na milima ya nguo ni mzigo mzito kwa kichwa kilichoumia. Eastleigh nako mchana ni hivyo hivyo. Ukiweza nenda Biashara Street asubuhi siku ya kazi, duka moja, na mtu wa kukusindikiza, ukiwa na karatasi yenye vitu visivyozidi vitatu. Au mwambie muuzaji akutumie picha kwa WhatsApp, uchague ukiwa umekaa kwako, na mzigo uje kwa boda. Mafundi wa mtaani nao huwa na mifuko ya mabaki ya vitenge. Salamu nzuri, "Mama, naomba ukinitupia vile vipande," na mara nyingi utapewa bure.

Kukata

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kile kisu cha gurudumu ambacho washonaji wa kwilti hukisifu ni wembe. Kwa aliye na mtetemeko wa mikono, ganzi ya vidole, au macho yasiyoona upande mmoja, kiachwe.

Kata kiolezo cha manila cha inchi 5 na kingine cha inchi 14, mwombe mtu mwenye jicho zuri ahakikishe pembe zake. Laza kiolezo juu ya kitambaa, kizungushie chaki, sogeza, rudia. Siku hiyo chora tu. Kukata kwa mkasi kufuate siku nyingine. Mkono mmoja ukiwa dhaifu, mlipe fundi wa jirani akukatie vyote. Hakuna anayeuliza kwilti ilikatwa na nani.

Vikishakatwa, panga mraba mmoja wa vipande tisa juu ya kitanda: nzito kwenye pembe na katikati, nyepesi kwenye nafasi nne zilizobaki. Piga picha. Huo ndio uamuzi wa mwisho wa rangi. Tia nzito 5 na nyepesi 4 ndani ya kila bahasha, bahasha tano, na uandike namba juu. Tangu sasa kazi ya siku ni bahasha moja, na huna haja ya kuziona zile nne nyingine.

Kushona kwa kadi

Mwaka 1994 watafiti wa Uingereza, Alan Baddeley na Barbara Wilson, walionyesha kuwa mtu mwenye kumbukumbu iliyoharibika hujifunza vizuri zaidi akizuiwa asikosee tangu mwanzo. Sababu yake ni ya maana kwetu: kosa hunata, lakini kumbukumbu ya kusahihishwa haibaki, hivyo mtu hulirudia. Yule anayekwambia "jaribu tu, utajifunza ukikosea" anatoa ushauri uliomfaa yeye.

Basi tengeneza kadi za manila, hatua moja kwa kadi, maneno machache, herufi kubwa. Zitoboe pembeni uzifunge kwa uzi, ugeuze moja baada ya nyingine. Zangu zinasomeka hivi:

1. Toa bahasha. Panga vipande kama picha.
2. Chukua vya safu ya juu. Weka cha pili juu ya cha kwanza, nyuso zitazamane.
3. Pini ukingo wa KULIA.
4. Shona ukigusa ukuta wa selotepu.
5. Fungua. Ongeza cha tatu vivyo hivyo.
6. Rudisha safu mahali pake. Bana namba 1.

Kisha safu ya 2 na ya 3, namba zikibanwa kwa vibanio vya nguo. Mwisho safu huungwa. Kabla ya kuziunga, lazia posho za mshono (ule ukingo wa kitambaa unaobaki nyuma ya mshono) za safu ya kati upande wa kushoto na za juu na chini upande wa kulia, ili zikutane bila kuvimba. Weka pini kwenye kila makutano ya mishono, na uitoe kabla sindano haijaifikia.

Kila unaposimama, acha ujumbe kwa ajili ya wewe wa kesho. Kadi iliyofunguliwa hatua inayofuata, au sauti uliyojirekodia kwenye simu: "Safu ya pili imeisha, bado kupini ya tatu." Usisimame mahali palipo na utata. Simama ukiwa umeshapini mshono unaofuata, ili siku mpya ianze kwa kushona na si kwa kufikiri.

Ukikosea mshono, usifumue siku hiyo. Bana kipande kwa kibanio chekundu ukirudishe. Kufumua kunadai macho na subira, na kwa kawaida kosa hutokea saa ambayo vyote viwili vimeisha.

Pasi

Piga pasi baada ya mraba mzima kuisha, si baada ya kila mshono. Usiihamishe pasi huku na huku. Iibonyeze na kuinua. Kanuni niliyoitaja ni hii: pasi ikiwaka, hufanyi jambo lingine lolote, huendi mlangoni wala kupokea simu, mpaka uchomoe plagi kwa mkono wako na kuiweka plagi juu ya meza mbele ya macho. Ukiiona plagi hapo, umezima. Blanketi la katikati na shuka la Kimasai kwa kawaida ni nyuzi za viwandani, huyeyuka, kwa hiyo pasi ya moto usiifikishe juu yake.

Kuunganisha tabaka tatu

Zipo njia za kupendeza za kudarizi kwilti nzima kwa mishono ya mapambo, na utazifikia. Ya kwanza imalize kama foronya, kwa kuwa njia hiyo haina utepe wa ukingoni unaochosha wengi.

Tandaza blanketi la katikati sakafuni au kitandani. Juu yake laza kitambaa cha nyuma, uso ukitazama juu. Juu yake laza uso wa vipande, uso ukitazama chini. Kazi ya kuinama huleta kizunguzungu, basi hapa omba msaidizi. Wewe elekeza, yeye ainame. Pigeni bandi kuzunguka kingo zote kwa uzi wa rangi kali, kisha kata ziada. Shona kuzunguka kwa upana wa robo inchi, ukiacha mwanya wa inchi 10 upande mmoja. Mwanya huo uwekee pini mbili mbili kila mwisho, zikukumbushe kusimama. Geuza kupitia mwanya, sukuma pembe kwa kijiti kisicho na ncha, ufunge mwanya kwa mkono.

Halafu shikiza tabaka kwa vifundo. Kwa uzi mnene wa kutarizi, teremsha sindano kwenye pembe ya kila kipande, ipandishe kando yake kidogo, funga fundo mara mbili, kata ukiacha ncha fupi. Kwenye miraba mizima weka kifundo kila baada ya inchi 4 au 5. Anza katikati kwenda nje. Kazi hii ya vifundo ndiyo tamu kuliko zote: unaweza kuifanya umekaa kitini jua la asubuhi likikupiga miguuni, vifundo vinne leo, vinne kesho, bila kadi yoyote.

Watu wa nyumbani, na wateja

Waambie mapema, ukiwa umetulia, mambo wanayoweza kufanya: kutia uzi, kuinama sakafuni, kuchomoa plagi wakati wa kulala, kuwaondoa watoto kwa nusu saa. Waambie pia wasichokifanya, yaani kukumalizia mshono wakidhani wanakusaidia, au kukuuliza swali cherehani ikiwa inakwenda. Mama mkwe anaweza kuambiwa kwa adabu: "Mama, nikiwa nashona nipe dakika chache, nitakuitikia nikiinua mguu." Wengi hukubali wakielewa kwamba si jeuri.

Kama mikono ya zamani ilikuwa ikikulisha, hutaacha kufikiria wateja. Jiandikishe kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ikiwa hali yako ni ya kudumu. Tathmini hufanyiwa hospitali ya umma, na ukishasajiliwa uulize kuhusu misaada ya vifaa vya kazi. Kazi za malipo za mwanzo ziwe pindo, foronya na mapazia, vitu vya mstari ulionyooka. Sare za shule za Januari usizikubali hata kwa jirani: zina tarehe isiyosogea, mzazi mwenye haraka, na ukubwa ishirini tofauti. Chukua mteja mmoja kwa wakati, malipo ya awali yapitie M-Pesa ili ujumbe ukutunzie kumbukumbu, na kitambaa chake kiingie ndani ya bahasha yenye jina lake kabla hajatoka mlangoni. Kadiria muda utakaohitaji, uuzidishe mara mbili, kisha andika tarehe hiyo kwenye kalenda yeye akiwa bado amesimama hapo.